Miezi Saba Kabla ya Mvua

Baba mkwe wangu aliendesha winchi kwa miaka ishirini na sita. Sisemi winchi za bandarini. Nasema zile ndefu za kujengea maghorofa, nyembamba kama mguu wa korongo, zenye kibanda cha kioo juu kabisa. Huko ndiko alikokuwa akishinda. Alipanda asubuhi jua likiwa bado halijachoma chuma, vidato mia mbili na kumi, chakula chake kikiwa kwenye mfuko mgongoni, na hakushuka mpaka kazi iishe. Mafundi wenzake walimwita Mzee wa Juu tangu akiwa na miaka thelathini tu, na jina likamganda. Lilimganda hata alipostaafu, hata mama mkwe alipofariki, hata alipohamia kwetu na kupewa chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani.

Chumba hicho hatukumpa kwa ubaya. Daktari alimkuta na kizunguzungu cha masikio, akamkataza ngazi, akamkataza roshani, akamkataza hata kupanda stuli kubadilisha balbu. Nyumba yetu ina chumba kimoja tu kisicho na ngazi. Mzee alikiangalia, akaketi kitandani, akasema, "Pazuri. Pana upepo." Upepo wenyewe haukuwepo.

Mimi ni fundi wa friji. Friji ikipiga kelele sina wasiwasi nayo, najua bado ina roho. Ninayoiogopa ni ile inayokaa kimya kupita kiasi. Mzee alikuwa kimya wa namna hiyo. Tulimpeleka kwa wazee wenzake wanaocheza bao, tukampeleka kwenye harusi za watu ambao hata sisi tuliwajua kwa mbali. Kote huko alikaa vizuri, akacheka panapochekwa, akashukuru, akarudi kwenye kiti chake mbele ya ukuta. Mke wangu alisema baba yake anahitaji watu. Mimi sikuwa na hakika. Nilikuwa nimemwona mara kadhaa tukipita karibu na saiti ya ujenzi: alisimama, akainua shingo, akatazama kile kibanda cha juu kwa muda mrefu mpaka watu wakawa wanatupita kushoto na kulia, kisha akasema, "Haya twende," kama mtu aliyeitwa na kukuta si yeye aliyeitwa.

Basi mwaka jana ikafunguliwa ile bustani ya mji mdogo. Mtakuwa mmeisikia. Ni mji wetu huuhuu, kama ulivyokuwa miaka thelathini na kitu iliyopita, umejengwa upya kwa udogo: mitaa yote ya katikati, reli, soko, shule, kila nyumba mahali pake. Binti yetu wa miaka tisa alisikia habari zake shuleni na hatukupumua tena. Tukapanga Jumapili. Mzee akakataa.

"Niende kutazama vidoli na umri huu?"

"Babu, usipoenda nani atanishika mkono?" binti akamwambia. "Mama atakuwa anapiga picha. Na baba akifika mahali popote anatafuta friji, anaanza kuichungulia mgongoni."

Mzee alinitazama, akaona sina la kujitetea. Akaenda kuvaa shati.

Tulifika saa nne. Nakiri nilidhani tutakuta vibanda vya maboksi, lakini wapi! Waliojenga pale walikuwa na mikono. Mabasi ukubwa wa mche wa sabuni. Nguzo za taa nyembamba kama njiti za kiberiti. Watu wa urefu wa kidole kidogo, wamesimama vituoni, wamebeba mizigo, hawana nyuso, vichwa vimepakwa rangi ya kahawia basi. Wageni tulipita kwenye njia ya kokoto iliyozunguka mji, kamba imefungwa pembeni, na kila baada ya hatua chache kibao kinasema: usivuke kamba, usiguse, usikalie majengo. Nyumba za kawaida zilitufika magotini. Mke wangu alikuwa anapiga kelele kama mtoto. "Ile shule yangu! Ona ngazi! Ona dirisha nililovunja!"

Mzee alitembea taratibu, mkono wa mjukuu mkononi, akijibu maswali yake. Hapa palikuwa stesheni. Hapa waliuza magodoro. Sikuona kitu usoni mwake mpaka tulipofika jengo la bima.

Jengo hilo lipo mpaka leo, ghorofa kumi na sita, na mzee ndiye aliyelipandishia kila nondo na kila ndoo ya zege. Pale kwenye mji mdogo lilikuwa ndilo refu kuliko yote. Lilimfika mzee kidevuni.

"Babu, hili ndilo lako!" mjukuu akasema.

"Ndilo hilo."

Lakini hakuwa anatazama jengo. Alikuwa anajaribu kuona kilicho nyuma yake. Akasogea kushoto, likamziba. Akasogea kulia, likamziba. Akasimama kwa vidole, mtu ambaye amekatazwa stuli, na mke wangu akamshika kiwiko. "Baba, taratibu." Mzee akasema yuko salama. Akaachia mkono wa mjukuu. Nikageuka kidogo tu kumfungulia mtoto chupa ya maji, na nilipogeuka tena, viatu vya baba mkwe vilikuwa vimepangwa pembeni ya njia, sawasawa, kama vya mtu aliyeingia sebuleni kwa watu, na mwenyewe alikuwa ameshavuka kamba.

Nasema ukweli, sikumzuia. Mzee wa miaka sitini na nane, na kizunguzungu chake, alikuwa anatembea katikati ya mji kwa soksi, anainua mguu juu ya nyaya za simu, anauweka barabarani polepole, kisigino kwanza, bila kugusa hata gari moja. Hivyo ndivyo alivyoishi, nadhani: kazi yake yote ilikuwa kuteremsha vitu vizito mahali padogo bila kuvunja. Akalizunguka jengo la bima, akasimama ubavuni mwake, bega kwa bega nalo, akainamisha kichwa akatazama chini.

Filimbi ikalia. Mlinzi, mama mmoja mnene mwenye kofia, akaja mbio huku ameshika mkanda wake.

"Mzee! Mzee wangu, shikamoo! Toka huko, utakanyaga benki!"

"Marahaba, mwanangu. Benki nimeiona. Sijaikanyaga."

"Tafadhali toka basi."

"Natoka," mzee akasema, na hakutoka.

Watu walianza kukusanyika. Watoto wa watu wakacheka. Mke wangu alikuwa na aibu mpaka masikio, alinong'ona kwa nguvu, kama anavyomwita mwanawe kwenye mkutano, "Baba! Unafanya nini? Baba, watu wanatutazama!"

Ndipo mzee akainua uso, na sote tukaona kwamba si mzaha. "Paa liko tupu," alisema. "Hawakuweka kitu. Paa lote tupu."

Mlinzi hakuelewa, na mimi sikuelewa. Aliyeelewa nusu ni fundi wa ule mji, ambaye alikuwa ameitwa na ile filimbi: mtu wa makamo, miwani imening'inia kifuani, vidole vimeganda gundi. Alidhani anakuja kumfukuza mtu. Alipomwona mzee alivyosimama, nafikiri aliona kitu kilekile nilichokiona mimi, kwamba hakuna kilichoguswa hata kidogo. Akamwashiria mlinzi angoje.

"Paa lipi, mzee?"

"Hili la dobi." Alionyesha nyumba ya ghorofa tatu nyuma ya jengo la bima, iliyokuwa chini ya goti lake. "Ukingo mmeuweka vizuri. Mlango wa paa upo upande wake hasa. Lakini kamba ziko wapi? Kulikuwa na kamba nane. Kulikuwa na tangi pembeni hapa, limezibwa kwa lami. Kulikuwa na beseni la bati."

Fundi akakuna kichwa. "Mzee, nikuambie kweli. Tulijenga kwa picha za zamani, na picha zote zilipigwa barabarani. Mapaa hakuna aliyeyapiga. Haya yote tumeyapaka kijivu tukasema nani atajua."

"Mimi najua."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa hapa," mzee akasema, akagonga hewa karibu na sikio lake, juu kidogo ya ghorofa ya mwisho. "Macho yangu yalikuwa hapahapa."

Hapo sasa lazima niwaeleze habari ya mvua, maana mke wangu alipoisikia kauli hiyo aliacha kuona aibu.

Habari ya mvua kila mtu wa familia ile anaijua. Mama mkwe aliisimulia kila tulipokutana, na kila mwaka aliiongeza chumvi. Alikuwa akifanya kazi kwa dobi, anafua mashuka ya nyumba za wageni na kuyaanika kwenye paa. Siku moja, kamba zote zimejaa, mashuka sitini, akasikia honi kutoka angani. Akadhani kuna kitu kinaanguka kutoka saiti ya jengo la bima. Akatazama juu, akaona mtu ndani ya kisanduku cha kioo anapunga mikono kama aliyeingiliwa na nyuki, anaonyesha nyuma ya vilima. Akasema moyoni, maskini, kijana amechanganyikiwa na jua. Lakini mikono yake ikaanza kuanua yenyewe. Alipoingiza shuka la mwisho ndani, tone la kwanza likapiga bati.

Kesho yake akajifunga kanga yake vizuri, akaenda mpaka geti la saiti. "Huyo aliye juu," akawaambia, "mwambieni ashuke." Mwelekezaji, yule anayeiongoza winchi kutoka chini, akachukua redio ya mkononi: "Shuka! Shuka sasa hivi, kuna mtu wako!" Kijana akateremka vidato vyote mia mbili na kumi anadhani amefiwa. Yule dada akamkagua kuanzia utosini mpaka kwenye buti.

"Kumbe mfupi hivi! Kutoka chini ulionekana mkubwa."

"Na wewe," akamjibu, "kutoka juu ulionekana mpole."

Basi, wakaoana. Mzee akamwita mkewe Shuka maisha yao yote. Wengine walidhani ni kwa ajili ya yale mashuka ya kitanda, wengine walidhani ni ile amri ya kwenye redio, na mwenyewe hakuwahi kuchagua. Walipanga chumba kwenye nyumba ileile ya dobi. Jengo la bima likaisha, winchi ikafunguliwa vipande ikaondoka, na kumbe kivuli cha jengo kililala juu ya paa lao kuanzia saa saba mchana. "Huyu mwanaume," mama mkwe alikuwa akisema mbele ya wageni, "ndiye aliyenizibia jua langu." Soksi isipokauka, kosa la mzee. Mke wangu alipokuwa mdogo akakojoa godoro, nalo likalala na unyevu, kosa la mzee. Nyumba ile ilibomolewa miaka tisa iliyopita, pamekuwa maegesho ya magari. Mama mkwe aliona inavyobomolewa. Alisema tu, "Angalau leo jua limefika mpaka chumbani."

Kwa hiyo mke wangu, aliposimama pale kwenye kamba, alisema kwa sauti nyingine kabisa, "Baba, ni mvua ya mama? Unatafuta mashuka ya siku ile?"

Mzee akatikisa kichwa. "Si siku ile. Kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya mvua. Nilikuwa nimeshamwona kwa miezi saba."

Mke wangu alivua viatu vyake, akaviweka kando ya vya baba yake, akapandisha gauni kidogo, akavuka kamba.

"Jamani," mlinzi akasema, "sasa ni ukoo mzima!" Lakini fundi alimgusa mkono, na yule mama, Mungu ambariki, akageuka akaanza kuwafukuza waliokuwa wanachungulia. "Haya, haya, treni inapita kule, nendeni mkaione treni!"

Mimi na mtoto tulibaki kwenye kokoto, hatua nne kutoka kwao, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mama yako aliamini kwamba nilimwona mara ya kwanza siku ya mvua," mzee alisema. "Alisimulia hivyo mbele yangu miaka thelathini na nne, na mimi nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Lakini nilikuwa namwona kila siku. Kule juu unakaa peke yako. Chini unawaona watu kama punje, hakuna anayekutazama. Yeye alikuwa anakuja paani saa mbili na saa tisa. Alipokuwa haji, siku haikuisha."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Kwamba kuna mwanaume alikuwa akimtazama miezi saba na yeye hajui? Angenionaje? Nikasema nitamwambia tukizoeana. Tukazoeana. Nikasema nitamwambia tukipata mtoto. Ukazaliwa. Baadaye likawa jambo la zamani mno, mpaka kulitoa ikawa kama natafuta ugomvi."

Mkono wa mzee ulikuwa umeshika ukingo wa jengo la bima bila yeye kujua, na fundi aliona, akauacha.

"Wiki ile ya mwisho, wodini," akaendelea, "wewe ulikuwa umetoka kwenda kuongea na nesi. Mama yako akafumbua macho, akaniuliza, 'Hivi, mvua isingekuja siku ile, ungeniona kweli?' Aliuliza hivyo tu, kama mtu anayeuliza saa. Maneno yakanijaa mdomoni yote, ya miezi yote saba. Nikamwambia, 'Kunywa maji kwanza.' Akanywa. Akalala." Mzee akapangusa uso kwa kiganja. "Hakuamka akaniuliza tena."

Mke wangu alimshika baba yake mkono. Walisimama wawili katikati ya mji, wakubwa kuliko nyumba zote, wanatazama paa la kijivu lisilozidi ukubwa wa sinia.

Mwishowe ni fundi aliyesema. "Mzee, samahani. Kamba nane, umesema?"

"Nane. Kutoka mlangoni kwenda kwenye tangi."

"Na paa lile la pembeni yake?"

Mzee alilitazama. "Pale palikuwa na mtu wa tarumbeta. Alipanda kufanya mazoezi, maana ndani walimkataza. Weka kiti kimoja. Lile pale ni la mwalimu, alikuwa anapanda kuvuta sigara akajificha nyuma ya tangi, asionwe na wanafunzi. Pale, kuku. Usiniulize walipandaje. Na hili lenye ukingo mwekundu, mlinzi wa soko alilala mchana mzima, ametandika mkeka. Winchi ikipitisha kivuli juu yake alikuwa anajigeuza."

Fundi hakuwa na karatasi. Aliandika nyuma ya tiketi zetu, zilipojaa akaandika mkononi. Walikaa mle ndani karibu saa nzima. Kizunguzungu hakikumshika mzee hata mara moja. Nilikuwa namchunga, niko tayari kuruka kamba na mimi, lakini alisimama kama nguzo. Alipotoka ndipo alipoyumba, kwenye kokoto, nikamkamata, akaegemea bega langu akiwa mzito kuliko nilivyotarajia.

Wiki tatu baadaye fundi alitupigia simu. Mtoto alikuwa shule, tukaenda watu wazima watatu. Safari hii tulipitia mlango wa nyuma, na mlinzi mwenyewe ndiye aliyemfungulia mzee kamba. "Karibu, mwenye mji," alimwambia.

Mapaa yote ya kati yalikuwa yamejaa. Kuku waliokuwa wadogo kuliko mchele. Kiti cha tarumbeta. Mkeka wa mlinzi. Na juu ya nyumba ya dobi, kamba nane za uzi, mashuka ya kitambaa chepesi yaliyobanwa kwa vibanio nisivyojua vilitengenezwa kwa mkono gani, tangi lenye kiraka cheusi, beseni. Katikati ya kamba ya tatu na ya nne palikuwa na mwanamke, mikono imeinuliwa.

Fundi alikuwa na wasiwasi kuliko sisi. "Nilitaka kumpaka uso, nikaogopa kukosea. Mkiwa na picha yake, naweza kujaribu."

"Usimpake," mzee akasema. "Kutoka hapa hakuwa na uso. Uso niliuona getini."

Akaenda akasimama mahali pake, ubavuni mwa jengo. Sisi tulibaki nyuma. Fundi akajifanya anarekebisha taa ya barabarani. Mzee alitazama muda mrefu, na baadaye nikamsikia akisema, polepole, kwa sauti ile wanayoitumia watu wawili mezani wakati watoto wamelala, "Ningekuona. Nilikuwa nimeshakuona, Shuka." Kisha akangoja. Nasema alingoja kwa sababu nilimwona: aliinamisha kichwa pembeni, sikio moja chini, kama anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya. Mashuka yalitikisika kidogo kwa upepo. Hakuna kingine kilichotokea.

Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyo alipona. Hakupona. Anakaa kwenye kiti chake vilevile, ukuta ule ule. Ila kila Jumapili ya kwanza ya mwezi anavaa shati mapema na kusimama mlangoni akinisubiri, na nikichelewa anagonga saa yake kwa kidole. Fundi humwuliza juu ya mtaa mpya, naye humtajia mapaa. Akimaliza kazi hiyo huenda kwa dobi, akasimama, akarudi kimya, na njiani kurudi nyumbani hatumwongeleshi.

Lakini nataka niwaeleze jambo moja la siku ile ya pili, kisha niwaache.

Kuna benchi pale karibu na mlango wa nyuma. Tulikaa tunywe chai ya fundi. Asubuhi yake, jikoni, mke wangu alikuwa ameniuliza, kisu mkononi, kitunguu hakijakatwa: "Nikimwambia kwamba mama alijua? Kwamba aliniambia, kwamba alikuwa anamwona huko juu siku zote? Ni uongo mdogo. Utamtuliza." Nilimwambia mimi ni fundi wa friji, haya siyawezi. Kwa hiyo mzee alipoweka kikombe chini, akamgeukia bintiye na kumuuliza, "Mama yako hakuwahi kukuambia lolote? Labda alijua?" nami nikakiweka changu chini.

Mke wangu alinitazama. Akamtazama baba yake. Alikuwa na matumaini usoni, yule mzee, kama mtoto anayesubiri atajwe jina.

"Hapana, baba," akasema. "Hakuniambia. Sijui kama alijua."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alitazama tu mikono yake.

"Lakini mimi pia sijui hiyo miezi saba," mke wangu akasema. "Hukuniambia mimi pia. Niambie."

"Yote?"

"Yote. Anzia mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kwanza hakuna kitu," mzee akasema. "Winchi ilikuwa bado fupi. Ukingo wa paa ulimficha, niliona mikono tu inapanda na kushuka. Nilidhani ni mwanaume." Mke wangu akacheka huku anavuta kamasi. "Mwezi wa pili tukaongeza vipande viwili, nikapanda juu zaidi, ndipo nikamwona mzima. Alikuwa na tabia moja. Akifika katikati ya kamba anaacha kila kitu, anaweka mikono kiunoni, ananyoosha mgongo, anasimama hivyo dakika nzima hafanyi kitu. Kule chini wananipigia kelele redioni, teremsha, teremsha, na mimi naingoja ile dakika iishe."

"Alikuwa anafanya hivyo hata jikoni," mke wangu akasema. "Akiwa anakoroga."

"Ndiyo," mzee akasema. "Hata jikoni. Sasa mwezi wa tatu…"

Chai ilikuwa imeshapoa. Fundi akainuka taratibu, akaenda kuchemsha nyingine.